Nyumba Hii Haiuzwi: Kaunta Buku la Dalali wa Tabora

Maneno matatu, rangi nyekundu, herufi zinazopanda na kushuka: NYUMBA HII HAIUZWI. Yametapakaa kwenye kuta za miji ya Tanzania, na Tabora nayo imo. Mgeni akiyasoma huweza kucheka, maana ni nani aliyeuliza? Mwenyeji hacheki. Anajua kuwa hayakuandikiwa mpita njia. Yameandikiwa kaka wa marehemu, au mtoto aliyerudi kutoka Dar es Salaam akiongozana na mtu mwenye fedha mkononi, au mume mwenye tabia ya kuuza kwanza na kumweleza mkewe baadaye. Zaidi ya wote hao, yameandikiwa dalali.

Huyo dalali ndiye wa kutazamwa leo. Kila mtu mjini ana kisa chake kibaya kuhusu dalali, na bado hakuna anayehama chumba, kununua kiwanja au kutafuta fremu ya biashara bila kumpigia simu. Nadhani tunamsema vibaya kwa sababu zisizo zenyewe. Tunamwona mtu wa maneno, na ni kweli, maneno ndiyo mtaji wake. Lakini katika mji ambao sehemu kubwa ya mali zake bado inalindwa na kumbukumbu za watu kuliko karatasi, mtu anayejua nani alizaa na nani, nani alijenga lini na mwembe ule ulipandwa na babu yupi, huyo anashikilia masijala ambayo halmashauri haina.

Ofisi yenyewe haitishi. Ni fremu ya mlango mmoja, iliyobanwa kati ya duka la dawa na kibanda cha wakala wa fedha za simu. Nje kuna benchi na ubao wa triplai uliopakwa rangi nyeusi, maandishi ya chaki: chumba na sebule Cheyo, chumba self, Luku yake, Kiloleni, fremu Isevya, kiwanja kimepimwa Ipuli, pagale Malolo, limefika kwenye linta, shamba Itetemia. Ndani kuna meza, viti vya plastiki, kalenda ya chama cha ushirika na kaunta buku lenye jalada gumu lililoanza kuchanika pembeni.

Ukipata bahati ya kulifungua, utakuta halina namba za nyumba. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi nzima ilifanya kazi ya anwani za makazi. Nguzo za majina ya barabara zikasimikwa na milango ikabandikwa namba. Kazi ile ilifanyika Tabora kama kwingine. Kaunta buku halikushtuka. Limeendelea kuandika kwa namna yake: nyumba ya marehemu fundi cherehani, nyuma ya msikiti, kwa mama muuza mihogo, geti la bluu, ile ya mwalimu aliyehamia Nzega, ufunguo uko kwa jirani. Kila mstari una mtu ndani yake, na mtu huyo ndiye anayefanya biashara iende au ikwame.

Asubuhi huanza kwa salamu, na salamu Tabora haziharakishwi. Mzee wa Kinyamwezi akipita huamkiwa "mwangaluka," vijana hupeana mikono, akina mama huulizwa habari za nyumbani kabla ya habari za nyumba. Ni adabu, na pia ndiyo namna habari za mji zinavyoingia ofisini. Kabla ya saa nne dalali ameshajua ni nani amefiwa, nani amepata uhamisho, barabara ipi imeanza kuchimbwa kwa ajili ya lami, mtaa upi haujapata maji tangu juzi, na ni ukuta wa nani umepigwa alama ya X na watu wa barabara. Redio hutangaza habari hizohizo jioni. Kila habari ina bei. Nesi wa Hospitali ya Kitete akihamishwa, kuna vyumba viwili vitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Alama ya X ikionekana, thamani ya fremu za mstari ule imeshuka na ya mstari wa nyuma imepanda. Kuhusu msiba, dalali mwenye heshima zake huenda kuzika kama watu wengine, akakaa mkekani, na hagusi habari ya nyumba mpaka arobaini ipite. Wapo wasiosubiri. Mji unawajua kwa majina.

Biashara ya kupangisha ndiyo inayolisha ofisi siku kwa siku. Tabora ni mji wa vyuo kuliko wanavyodhani watu wa Pwani: kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wenyeji wengi bado wanakiita Uhazili, Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Ualimu, na Chuo cha Ardhi ambacho tutakirudia. Vyuo vikifunguliwa, benchi la nje halitoshi. Mwanafunzi anataka chumba cha bei ya chini, karibu na chuo, chenye umeme, na mwenye nyumba asiyeuliza maswali. Dalali humjibu kwa upole kwamba anaweza kupata vitatu kati ya hivyo vinne.

Kisha linakuja suala la kodi ya miezi sita. Mpangaji anayelipwa mshahara kila mwezi anaambiwa atoe nusu mwaka kwa mkupuo, na wengine wanadaiwa mwaka mzima. Vijana hudhani kuna sheria inayokataza. Ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba ndio msemaji. Juu ya miezi sita mpangaji huongeza kodi ya mwezi mmoja, ambayo ni ya dalali. Hapo ndipo lawama zinapoanzia, na nyingine ni za haki. Lakini ukimuuliza mwenye nyumba kwa nini anataka fedha zote pamoja, mara nyingi jibu liko uani: anamalizia chumba kingine. Benki haimkopeshi kwa sababu kiwanja hakina hati, kwa hiyo mpangaji wa chumba cha kwanza ndiye anayejenga cha pili. Nyumba nyingi za Tabora zimesimama kwa mkopo wa aina hiyo, usio na riba wala shukrani.

Idadi ya watu katika manispaa ilikuwa 226,999 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ikahesabu 308,741. Hao zaidi ya themanini elfu walioongezeka wanalala mahali fulani. Ndiyo maana kata zilizokuwa mashamba ya mihogo na karanga sasa zina misingi ya tofali za kuchoma, na mapagale yaliyoota majani ndani yakisubiri mwenyewe apate nguvu. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika, maeneo ambayo zamani yalikuwa ya kuchimba visima yalipata wateja. Na kila masoko ya tumbaku yakifunguliwa, hutokea wakulima kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge wanaotaka kiwanja mjini "cha watoto kusomea." Mkulima wa tumbaku ni mteja wa kupendwa: analipa taslimu, hababaishi, na hataki kona za barabara kuu. Anataka mahali pa kuweka kisima na mabanda. Udhaifu wake ni mmoja, ana haraka ya kurudi shamba, na haraka ndiyo mlango wa matapeli wa viwanja.

Hapa inafaa tugeuke nyuma kidogo, kwa kuwa hakuna mji wa bara ambao umezoea kupokea wageni wenye mizigo kama huu. Kabla haujaitwa Tabora ulijulikana kwa wasafiri kama Kazeh, katika himaya ya Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi waliotoka Pwani walilipwa hapa wakatawanyika, na mwenye mali alipaswa kutafuta wengine. Jambo hilo lilichukua wiki, wakati mwingine miezi, masika yakiingia ndiyo zaidi. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichohitaji mfanyabiashara aliyefika Unyanyembe kilikuwa nyumba yenye ghala.

Nyumba hiyo ilikuwa tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, baraza mbele, ua katikati na vyumba vya giza vya kuhifadhi pembe, nguo na shanga. Richard Burton na John Speke walifika Novemba 7, 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka Pwani, wakapokewa na tajiri wa Kiarabu, Snay bin Amir. Henry Morton Stanley alifika Juni 1871 akapewa tembe Kwihara, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa leo. Februari 1872 alirudi humo kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone. Stanley aliondoka Machi; mzee akabaki mpaka Agosti, akisubiri wapagazi walioahidiwa wafike kutoka Pwani. Tembe hilo limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mwaka 2006 Kwihara iliingia kwenye orodha ya awali ya UNESCO kama moja ya vituo vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Na tusisahau kwamba ghala zile hazikuhifadhi nguo na pembe peke yake. Watu pia walifungiwa humo, wakisubiri kuuzwa.

Ardhi ilikuwa ya nani? Ya mtemi wa Unyanyembe. Matajiri wa Pwani walijenga kwa ridhaa yake, na kwa muda mambo yalikwenda kwa zawadi na ndoa. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Fundikira alipofariki, utemi ulichukuliwa na Mnywa Sele, na karibu na mwaka 1860 kijana huyo akadai ushuru kwenye mali za Waarabu. Walichofanya wageni wale ni jambo ambalo kila mwenye nyumba wa Tabora angelisikiliza kwa makini: wapangaji walimfukuza mwenye nyumba. Mnywa Sele aliondolewa, Mkasiwa akawekwa mahali pake, na yule wa kwanza akazunguka porini na wafuasi wake akizuia misafara mpaka alipouawa mwaka 1865. Vita havikukoma. Agosti 1871 Mirambo wa Urambo aliingia Tabora, akamuua Khamis bin Abdullah aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa Waarabu, akachoma sehemu ya mji. Stanley alikuwa Kwihara siku hizo, akitoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe alilokaribishwa kupumzika.

Mtemi Isike wa Unyanyembe naye alikufa Januari 1893 katika ngome yake, Wajerumani walipoivamia. Alilipua ghala la baruti kuliko kutekwa. Miaka miwili baadaye amri ya Kijerumani ikatangaza kuwa ardhi ambayo hakuna anayeweza kuthibitisha umiliki wake ni ya Dola. Neno zito katika amri ile lilikuwa kuthibitisha. Mwaka 1923 Waingereza wakaita ardhi yote ya Tanganyika ya umma, mtu akabaki na haki ya kuitumia. Mwaka 1963 serikali ya Uhuru ikafuta umilikaji wa kudumu uliokuwa mikononi mwa wachache, na mwaka huohuo mamlaka ya machifu yakafutwa. Mtemi wa mwisho wa Unyanyembe kuwa na mamlaka hayo, Abdallah Fundikira, alikuwa mmoja wa mawaziri wa kwanza Waafrika, na mwanzoni wizara aliyoishika ilihusika na ardhi. Sijui kama kuna mtu mwingine nchini aliyeitazama ardhi kutoka pande hizo zote mbili za meza.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, na katika miji mingi ya reli maghorofa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia yakabadilika kutoka mali ya familia kuwa mali ya taifa. Kisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Humo msingi ni uleule: ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Raia anapewa haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99, au anaishika kimila. Ubao wa triplai unaendelea kutangaza "kiwanja kinauzwa," na kila anayeusoma ameelewa.

Sasa turudi fremuni, maana historia hiyo yote imekaa kwenye benchi ikisubiri huduma.

Chukua nyumba ya kawaida ya mitaa ya zamani, Gongoni au Ng'ambo. Kuta za udongo zilizopigwa lipu, bati lililopoteza rangi, baraza mbele, ua nyuma na mwembe mkubwa. Mwenyewe alifariki miaka ya themanini. Aliacha wake wawili na watoto tisa. Mirathi haikufunguliwa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyetaka kuonekana ana haraka na mali ya baba. Mtoto mmoja alibaki akaitunza nyumba, akabadilisha bati, akalipia pango la ardhi miaka mingine na miaka mingine hakulipa. Wengine wako Kigoma, Bujumbura na Dar es Salaam, na mmoja Muscat, kwa wajomba. Sasa barabara imetiwa lami. Mfanyabiashara anataka sehemu ya mbele ajenge maduka, na bei aliyotaja imefanya simu ziite katika nchi tatu.

Nyumba kama hiyo ndiyo huandikwa kwa rangi nyekundu. Kisheria njia inajulikana: kikao cha ukoo kikae na kuandika muhtasari, jina la msimamizi lipelekwe Mahakama ya Mwanzo, tangazo litoke, mwenye pingamizi asikike, msimamizi ateuliwe, na huyo ndiye mwenye uwezo wa kuuza na wajibu wa kugawa. Kwenye maisha, kikao cha ukoo peke yake kinaweza kula miaka. Nani ahesabiwe? Watoto wa mke wa pili ambaye ndoa yake ilifungwa kwa mashahidi waliokwisha kufa? Aliyeitunza nyumba atapata sawa na ambaye hajatuma hata hela ya rangi? Na yule wa Muscat, kama amekwisha kuchukua uraia wa Oman, anaingia kwenye tatizo jingine, kwani Tanzania hairuhusu uraia pacha, na kwa miaka mingi asiye raia hakumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Alichoweza kutazamia zaidi kilikuwa sehemu yake ya fedha.

Katika kesi za namna hii dalali ndiye hupigiwa simu na pande zote. Anajua alipo shahidi wa ndoa aliyebaki hai. Anajua kwamba nyumba ya jirani iliwahi kuwa kiwanja kimoja na hii, na kwamba mpaka ulihamishwa kwa maneno. Nimeona madalali wakifanya kazi ambayo wakili angeitoza kwa saa, wakizunguka kwa baiskeli kutoka mzee hadi mzee kuunganisha ukoo, kwa tumaini la asilimia ya mauzo ambayo huenda yasitokee. Pia nimesikia ya wengine wanaochagua mrithi mmoja mwenye shida ya fedha na kumkutanisha na mnunuzi usiku. Taaluma ni ileile na maarifa ni yaleyale.

Mwembe wa uani unahitaji kutajwa peke yake. Kutoka Pwani mpaka Ujiji, njia ya misafara iliacha miembe, na Tabora bado ina mingi, mikubwa kiasi kwamba kivuli kimoja kinatosha gereji, kinyozi na mama lishe. Katika mji usiopimwa vizuri mti wa kudumu ni ushahidi. Anayeweza kusema nani alipanda ana hoja kuhusu nani alikaa. Mabaraza ya ardhi husikia habari za miti mara kwa mara: mwembe huu ni wa bibi yetu, minyaa ile ndiyo mpaka, ule mkorosho ulikuwa upande wetu kabla hamjahamisha uzio. Mnunuzi mgeni hufurahia mwembe kwa kivuli. Mnunuzi mwenyeji huuliza kwanza maembe huchumwa na nani, maana jibu la hapo linaweza kumwokoa kununua kesi.

Upande wa pili wa ushahidi ni bikoni, ile nguzo fupi ya zege iliyozikwa kwenye kona za kiwanja kilichopimwa. Na hapa ndipo Chuo cha Ardhi Tabora kinapoingia. Mji huu unafundisha wapimaji na wachora ramani wa nchi. Wanafunzi huonekana mitaani na vifaa vyao vya miguu mitatu, mmoja akichungulia, mwingine akisimama mbali na fimbo yenye kioo, watoto wakiwazunguka. Wakihitimu hutawanyika mikoani, kama wapagazi wa zamani, na nyuma yao hubaki mitaa ambayo nyumba zilitangulia ramani. Zoezi la urasimishaji limepita katika maeneo kadhaa ya nchi kujaribu kurekebisha hali hiyo: wananchi huchanga, wapimaji hupita, njia zinapanuliwa kwa kila mtu kukatwa kipande. Kipande hicho ndicho hugombanisha. Kuna bikoni zilizopandwa mchana na kung'olewa usiku.

Tangu mwaka 2020 Wizara ya Ardhi ina ofisi katika kila mkoa, na mtu hahitaji tena kufuata hati kwenye ofisi ya kanda iliyo mkoa mwingine. Hilo limepunguza uongo wa aina moja, ule wa "hati iko kanda inashughulikiwa." Mnunuzi mwenye busara sasa huchukua nakala ya hati akaomba upekuzi kwa msajili, ajue kama kiwanja kina mkopo au zuio la mahakama. Kama hakuna hati, anarudi kwa watu: majirani wa pande nne, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, na shambani halmashauri ya kijiji, ambayo bila ridhaa yake mauzo ya ardhi ya kijiji hayasimami. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila mwenza kukubali. Dalali makini humdai muuzaji mwenza huyo mapema. Akisikia "mke wangu yuko kijijini, hana neno," hufunga kaunta buku na kuagiza chai.

Halafu inakuja asilimia kumi ya serikali ya mtaa. Haimo katika sheria, viongozi wa juu wameikemea mara nyingi, na bado wanunuzi wengi huikuta mezani ikiwa na jina jingine: mchango wa ofisi, hela ya muhuri. Misafara ya zamani ililipa hongo kila ilipoingia katika nchi ya mtawala mwingine, hasa Ugogo, na walau ile ilijulikana kwa wote na ilijadiliwa hadharani. Dalali naye ana cha juu, tofauti kati ya bei aliyotaja muuzaji na ile aliyoisikia mnunuzi. Wanaotaka kukiepuka hukutanisha pande mbili wenyewe, kisha wanagundua kwamba hakuna anayejua kuanzisha mazungumzo ya bei bila mtu wa katikati wa kulaumiwa. Mara nyingine utani huokoa. Mnunuzi akiwa Mzaramo na muuzaji Mnyamwezi, watani tangu enzi za wapagazi, matusi hutangulia na punguzo hufuata.

Habari kubwa ofisini kwa sasa ni reli. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928 mji ukawa njia panda kwa mara ya pili. Ya tatu inajengwa. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021. Mwaka uliofuata ikasainiwa ya Tabora–Isaka na Tabora–Kigoma. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na tangu siku hiyo kila kiwanja kwenye ubao wa triplai kimesogea karibu na stesheni. Viko vilivyo karibu kweli. Viko ambavyo ili kuviona "karibu" inabidi uwe juu ya bodaboda nzuri wakati wa kiangazi.

Nina wasiwasi na msukumo huu kuliko furaha. Wanaouza pembezoni mwa mji leo ni wazee wa mashamba, bei wanayopewa inaonekana kubwa kwa kuwa wanailinganisha na ya miaka kumi iliyopita, na wanaonunua wanailinganisha na ya miaka kumi ijayo. Madai ya fidia pia yameleta biashara mpya: watu hupanda miti haraka mahali waliposikia njia itapita, wakitumaini mthamini atafika miti ikiwa imeshika. Dalali huombwa ushauri juu ya hilo. Wengi wao husema wasichokijua kwa sauti ya mtu anayejua, na hapo ndipo sifa mbaya wanayostahili inapotoka. Ramani ya mipaka ya hifadhi ya reli haitunzwi kwenye kaunta buku. Iko kwenye ofisi za reli na za ardhi, na kwenda kuiuliza ni hatua chache kuliko kwenda kuonyeshwa shamba.

Ofisi hufunguliwa hata Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa watumishi na wafanyabiashara ndio hupata nafasi ya kuzunguka siku hiyo. Mteja anashauriwa kuvaa viatu vya kutembelea na kuja na mtu wa pili, hasa shangazi. Nauli ya bodaboda ni juu yake, na hela ya kuonyesha hulipwa kabla pikipiki haijawashwa. Nyumba uipende au usiipende, hiyo hairudishwi.